Mpaka nguruwe aruke!

Tuseme kwenye filamu ya Kiingereza jamaa anatupa ndoano, kimwana anamjibu: "When pigs fly", yaani labda nguruwe waruke angani. Hapo katolewa nje kweupe!

Mfasiri wa Belgrade akimwandika nguruwe kwa Kiserbia, makali ya jibu yanapotea. Waserbia wana lao: "kad na vrbi rodi grožđe", yaani mti wa vrba ukizaa zabibu. Vrba huota kando ya mito na zabibu hauzai ng'o! Jamaa ataelewa.

Ila kama wawili hao wamesimama bandani kwa nguruwe, mwache nguruwe wa watu, maana utani wote uko kwake. Kwanza tazama nani anamwambia nani, na wapi, ndipo ushike kalamu. Tukutane wiki ijayo!