Kioo Cheusi Kipimwe Usiku

Kila msimu wa korosho unapoleta fedha Masasi na Newala, mafundi wa kubandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya magari hupata kazi tele. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Jua letu ni kali. Tunalolikataa ni mwananchi kulipa kabla ya kukagua.

Ukaguzi wenyewe si elimu ngumu. Malengelenge ya maji hukauka baada ya siku kadhaa, na kwa muda huo kioo kisishushwe. Lakini vumbi lililonaswa ndani na mikunjo haviondoki kamwe. Kingo zifuate kioo sawasawa, pasiwe na mikwaruzo ya wembe. Karatasi hafifu hugeuka zambarau kwa jua.

Hata hivyo, kipimo kikuu ni cha usiku. Dereva aketi ndani, amtafute mtu aliyesimama kando ya gari. Asipomwona, kazi hiyo ni mbovu hata kama haina doa. Katika barabara ya kupanda Newala hupita pia waendao kwa miguu na wapanda baiskeli wasio na taa. Uhai wao hauwezi kuwa bei ya fahari ya mtu mmoja. Karatasi ya namna hiyo na ibanduliwe.