Naperville: Shule nzuri zipo, nyumba ziko wapi?

Naperville, mji wa watu karibu 150,000 magharibi mwa Chicago, una kila anachotaka mzazi: shule nzuri, maktaba, treni ya kwenda kazini. Kasheshe ni kupata nyumba. Wenye nazo hawauzi.

Chanzo kikubwa ni riba. Januari 2021, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ulishuka hadi asilimia 2.65. Oktoba 2023 ukafika 7.79.

Piga hesabu. Mkopo wa dola 400,000 kwa riba ya asilimia 3 unalipa kama dola 1,690 kwa mwezi. Kwa asilimia 7, ni kama dola 2,660. Nani aache ule wa zamani? Hata wazee ambao watoto wao wameshaondoka wanaona heri wabaki na vyumba vitupu. Wanaoumia ni wazazi vijana wenye watoto wa kuanza shule.

Halafu kuna kodi ya nyumba, ambayo Illinois ni kubwa. Nyumba ya dola 500,000 ikitozwa asilimia 2, ni dola 10,000 kila mwaka, hata ukishamaliza mkopo. Ila sehemu kubwa ya pesa hiyo ndiyo inayoendesha shule zilezile unazozifuata.

Kwa hiyo ukitaka kununua huko, usiishie kuuliza bei. Omba kuona bili ya kodi ya mwaka jana. Riba ikishuka unaweza kubadilisha mkopo. Kodi utabaki nayo.