Punje chache kwa jibu moja: nani hulipia mchele?

Anayecheza katika tovuti ya Freerice huulizwa maana ya neno na kupewa majibu manne achague moja. Akipatia, punje za mchele huongezeka katika bakuli lililochorwa kwenye kompyuta yake, na mchele wa kiasi hicho huahidiwa wenye njaa. Yeye mwenyewe hatoi hata senti moja.

Tovuti hiyo ilianzishwa mwezi Oktoba mwaka 2007 na John Breen, mtaalamu wa kompyuta kutoka jimbo la Indiana nchini Marekani. Mwaka 2009 aliikabidhi kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Masomo nayo yaliongezwa, yakiwemo hesabu, jiografia na lugha.

Siri ya mpango huu ni kwamba mchele hulipiwa na wafadhili pamoja na makampuni yanayotaka matangazo yao yaonekane. Kinachouzwa hapo ni macho ya mchezaji na muda wake.

Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika mapema. Mwaka 1999 Breen huyo huyo alianzisha The Hunger Site, ambapo mtu alibofya kitufe mara moja kwa siku na watangazaji wakalipia chakula. Baadaye tovuti hiyo iliuzwa, na biashara za intaneti zilipoporomoka, kampuni iliyoinunua ilifunga shughuli zake mwaka 2001. Ilibidi wapatikane wamiliki wapya ndipo iendelee. Wenye njaa hawakuwa wamepungua. Kilichopungua ni fedha za matangazo.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki hujaa polepole mno. Kwa makadirio yaliyotumiwa na Freerice, gramu moja ya mchele ina punje 48, na mtu mmoja huhitaji gramu 400 kwa siku, yaani punje 19,200. Kila jibu likihesabiwa kuwa punje 10, mchezaji lazima apatie majibu 1,920 ili kumlisha mtu mmoja kwa siku moja tu.

Tofauti na msaada wa serikali inaonekana katika kambi za Kakuma na Dadaab nchini Kenya. Mwaka 2025 WFP ililazimika kupunguza mgao wa wakimbizi huko, baada ya michango ya wafadhili wakubwa kupungua. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa kwa michezo ya maneno, hata wachezaji wawe mamilioni.

Je, jitihada hizi hazina maana? La hasha. Mwanafunzi aliyejifunza neno jipya bila ada amepata kitu ambacho hakuna mtangazaji awezaye kumnyang'anya, na huenda amesikia habari za njaa kwa mara ya kwanza. Faida hiyo ya elimu ndiyo iliyo ya uhakika zaidi.

Hatari ni moja: mchezaji kufunga kompyuta akiamini kuwa wajibu wake umekwisha. Aliye ughaibuni na uwezo wa kutoa, akaishia kubofya tu, atakuwa amewaachia watangazaji jukumu lake. Na serikali zinazopunguza bajeti za misaada zitaendelea kufanya hivyo iwapo raia wake hawataziuliza.