Jerry Collins na Sheria ya Kukamata Chini

Muhula huu yamezuka mabishano makubwa katika mabweni yetu, na hata baadhi ya wanafunzi wa zamani wameingia humo kwa barua zao. Jambo lenyewe ni hili: katika mashindano yetu ya raga, je, tufuate sheria mpya ya kumkamata mwenye mpira chini ya kidari, au tuendelee kumkamata popote chini ya mabega kama tulivyozoea? Wanaoipinga sheria hulitaja jina moja kuliko yote, nalo ni la Jerry Collins. Husema kwamba Collins angalicheza siku hizi angalitolewa nje kila Jumamosi, na kwamba mchezo umegeuzwa kuwa wa waoga. Mimi huvaa jezi namba saba ya shule, na Collins nampenda kama wao wampendavyo. Lakini naona jina lake linatumiwa vibaya, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Kwa ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wasiomjua, Collins alizaliwa Apia, Samoa, mwaka 1980, akakulia Porirua karibu na Wellington, Nyuzilandi. Kati ya mwaka 2001 na 2007 aliichezea timu ya taifa, All Blacks, mechi 48 za kimataifa, na katika tatu alikuwa kapteni. Namba yake ilikuwa sita. Aliyekuja na mpira upande wake alijua mapema kwamba atapokewa na bega zito kama gogo la mninga. Lakini hakuwa mtu wa majivuno. Baada ya Kombe la Dunia la 2007 alikwenda kupumzika Devon, Uingereza, na huko akaichezea timu ya pili ya klabu ndogo ya Barnstaple. Siku chache baadaye, alipoitwa kuwachezea Barbarians dhidi ya Afrika Kusini, alivaa soksi za klabu hiyo ndogo mbele ya umati wote. Alifariki Juni 2015 katika ajali ya gari kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 34.

Mtu wa namna hiyo yafaa akumbukwe. Lakini tukimkumbuka, tukumbuke habari yote, tusichague nusu.

Juni 2003, mjini Hamilton, Nyuzilandi ilicheza na Wales. Collins alimvaa Colin Charvis wa Wales kwa nguvu hata Charvis akaanguka chini amezirai. Wengi wetu tumeiona picha ya mechi hiyo, na kila inapoonyeshwa watu hushangilia pigo lile. Wachache hutazama kinachofuata. Mpira ulikuwa bado unachezwa, na Tana Umaga, mwenzake Collins, aliuacha mchezo, akamwendea Charvis, akamgeuza na kumtoa kinga ya meno mdomoni ili asije akapaliwa. Kwa tendo hilo Umaga alipewa tuzo ya uungwana michezoni, ile ya Pierre de Coubertin. Charvis alipona, akacheza tena. Basi nauliza: katika mambo mawili ya siku ile, lipi limetuzwa na dunia, bega au mkono?

Tena sheria haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mwenye mpira peke yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea. World Rugby, shirika linaloongoza raga duniani, lilichunguza mechi 1,516 za wachezaji wa kulipwa. Likaona kwamba katika kila maumivu 100 ya kichwa, 76 yalitokea wakati wa kukamatana. Na katika hayo yaliyotokea wakati wa kukamatana, 72 katika kila 100 yalimpata yule anayekamata, si yule anayekamatwa. Ilionekana pia kwamba hatari ni kubwa zaidi anayekamata akiwa amesimama wima kuliko akiwa ameinama.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Aliyesimama wima, kichwa chake ki sawasawa na kichwa cha mwenzake, na wakikutana ni mfupa kwa mfupa. Aliyeinama, bega lake hukutana na tumbo au paja, na kichwa chake hupita pembeni. Ubongo ni kitu laini kilicho ndani ya fuvu gumu. Fuvu likisimamishwa ghafula, ubongo huendelea kwenda, ukatikisika. Wala ile kofia laini wanayovaa wengine haizuii jambo hilo; huzuia michubuko tu.

Wazee wetu wa timu za zamani husema kwamba wao walicheza wima na hakuna aliyedhurika. Kwa heshima zote, madhara mengine hayaonekani siku ya mechi. Carl Hayman alicheza pamoja na Collins katika All Blacks. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 41, alitangaza kwamba madaktari wamemkuta na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambayo tumezoea kuyaona kwa vikongwe. Mwaka 2020 Steve Thompson, aliyelitwaa Kombe la Dunia la 2003 pamoja na Uingereza, alisema hakumbuki kushinda kombe hilo. Sisi tunayakumbuka mapigo yao, na wao wanayasahau makombe yao. Mashabiki tukishangilia, haifai tulisahau jambo hilo.

Wako wasemao kwamba kukamata chini ni woga. Mimi nasema kinyume chake. Kumrukia mtu kifuani huku umesimama ni jambo awezalo kila mwenye mwili mkubwa. Kuinama, macho wazi, ukaliingiza bega lako mahali magoti yanapokimbia, hilo lataka moyo, tena lataka mafundisho. Ni kweli kwamba anayekamata chini bila kufundishwa aweza naye kuumia, kichwa chake kikigongwa na goti au nyonga. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Lazima tufunzwe kukiweka kichwa upande wa nyuma wa mwenye mpira, kisije kikawa mbele yake, na kumkumbatia kwa mikono yote miwili.

Wengine husema kwamba hizi ni sheria za viwanja vikubwa, hazituhusu sisi. Kumbe mambo ni kinyume. Katika mechi za kimataifa mpaka ni mabega, ingawa tangu Januari 2017 adhabu za kugusa kichwa zimekuwa kali. Mpaka wa chini zaidi uliwekwa kwanza kwa wachezaji wa kawaida. Ufaransa iliuanza mwaka 2019, baada ya kuzika vijana walioumia mchezoni. Uingereza ilitangaza mpaka wa kiuno Januari 2023, watu wakapiga kelele kwamba hawakuulizwa, viongozi wakaomba radhi, kisha wakakubaliana juu ya mpaka wa chini ya kidari. Hata Nyuzilandi, nchi iliyomlea Collins, iliujaribu katika klabu zake mwaka 2023. Nchi hizo zina madaktari kandokando ya uwanja. Sisi tuna sanduku la dawa, na hospitali iko mbali.

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alimkamata mpinzani huku amesimama wima, vichwa vikagongana. Alipoinuka hakujua ni kipindi gani cha mchezo. Watazamaji walimpigia makofi kwa ushujaa wake, akarudi kucheza. Wiki mbili nzima hakuweza kusoma ubaoni bila kuumwa kichwa, na mtihani ulimpita. Hakuna aliyemtakia mabaya; kila mtu alidhani anamheshimu.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, mashindano ya mabweni na mazoezi yote yafuate mpaka wa chini ya kidari, na wiki tatu za kwanza za muhula ziwe za kufundishana namna ya kuinama. Pili, mchezaji yeyote aliyegongwa kichwa akashukiwa kuumia atoke, asirudi siku ile, hata kama timu imebaki pungufu na yeye mwenyewe anasihi. Tatu, wanafunzi wa zamani wakubali sheria hiyohiyo katika mechi yetu ya kila mwaka, kwa maana wadogo huwaiga wakubwa kwa macho kuliko kwa masikio.

Najua yatakuwapo makosa mengi mwanzoni, na filimbi itatuchosha. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapo kale raga iliruhusu kumpiga mpinzani mateke ya miguu. Desturi hiyo ilikomeshwa, na mchezo haukufa. Mwenye kumpenda Collins kwa kweli na aige bidii yake na unyenyekevu wake. Bega lake naye alitumie, ila alishushe.