MAMBO YA NYUMBANI: Supu ya Mwenye Msiba

Mwenye kufiwa hakosi watu siku ya kwanza. Majirani huja na kuni, unga na sukari. Na huko pwani ni desturi kwamba nyumba yenye matanga haisumbuliwi na mapishi, bali majirani ndio wapishi wake. Siku hizo chakula ni tele, ingawa mfiwa hakitazami. Lakini matanga yakiisha kuanuliwa, mikeka ikakunjwa, na jamaa wakapanda magari kurudi makwao, ndipo mjane hubaki peke yake na meko baridi. Siku hiyo ndiyo ya kumpelekea supu.

Supu yafaa kwa kuwa mwenye huzuni hutafuna kwa taabu. Ugali humkwama kooni, bali kitu cha moto chenye majimaji hushuka bila kulazimishwa.

Hata hivyo, liko kosa moja lililoenea. Wengi hudhani kwamba nguvu yote ya nyama imeingia katika maji. Basi mnyonge hupewa maji matupu, na nyama ikaliwa na wenye afya. Sivyo. Maji hayo yana ladha na mafuta kidogo, nayo huamsha hamu ya kula. Lakini sehemu kubwa ya chakula cha kujenga mwili husalia katika nyama. Mwenye kunywa maji hayo pekee kwa juma zima atadhoofika huku watu wakidhani anatunzwa.

Basi ipikwe hivi. Twaa kilo 1 ya mifupa ya ng'ombe yenye nyama, uitie katika sufuria yenye lita 3 za maji na kuiteleka. Ikianza kuchemka, engua povu, kisha punguza moto na uiache itokote polepole kwa muda wa saa 2. Hapo tia nusu kikombe cha ndengu zilizolowekwa tangu usiku. Baada ya dakika 30, tia kitunguu 1, karoti 2 na viazi 2, vyote vimekatwa vidogo vidogo, pamoja na tangawizi iliyopondwa. Vikiisha kulainika, toa mifupa, chambua nyama nyembamba uirudishe, kisha tia mchicha na chumvi kidogo. Baada ya dakika 5 epua. Ndimu ikamuliwe bakulini.

Kupeleka nako kuna adabu yake. Mfiwa asiulizwe, "Nikupikie nini?" kwa maana hajui. Apakuliwe nusu bakuli tu, kwani bakuli lililojaa humvunja moyo, naye aketiwe karibu bila maneno mengi. Akishindwa kabisa kula au kunywa, apelekwe kwa daktari. Hilo si la kuachiwa supu.

Itakayobaki isilale mekoni. Ipozwe upesi, iwekwe penye baridi kama jokofu, na kuchemshwa sana kabla ya kuliwa tena. Pasipo na jokofu, ni heri kupika kidogo.

Sufuria nayo isidaiwe siku ile ile. Na ibaki pale siku mbili tatu, ili jirani apate sababu ya kurudi na kubisha hodi tena.