Karafuu Jamvini, Kijana Baharini



Kila ufikapo mwezi wa Novemba, nyumba nyingi za wakulima wa karafuu hapa Pemba huwa na mambo mawili yasiyolala. La kwanza ni karafuu zilizoanikwa jamvini, zikingoja jua. La pili ni kijana aliyekwenda dago Kilwa, Songosongo au Lindi, akifuata samaki. Wingu likikaa siku tatu, karafuu huharibika. Upepo ukigeuka usiku mmoja, kijana huenda asirudi. Mambo yote mawili yamo mikononi mwa hali ya hewa, lakini hayasomwi katika taarifa moja.

Tunaandika haya kwa sababu Halmashauri imeletewa pendekezo la kutenga sehemu ya ada zetu kwa ajili ya vipimo vya mvua, maturubali, na mtu wa kupokea taarifa za hali ya hewa kila jioni na kuzifikisha matawini. Baadhi ya wanachama wamelipinga. Wengine wanasema utabiri hukosa, na wengine wanasema mambo ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi twaona pendekezo lafaa kukubaliwa, na hizi ndizo sababu zetu.

Tuanze na hoja ya ghaibu, kwa kuwa ni nzito na yastahili kujibiwa kwa adabu. Anayetabiri hali ya hewa hapigi ramli. Hupima joto, upepo, unyevu na uzito wa hewa, hutazama picha za mawingu zinazoletwa na setilaiti, kisha husema lipi laelekea kutokea. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa vipimo vyao. Walihesabu miongo tangu Nairuzi, wakajua lini kusi litalegea, lini matlai yatavuma na lini kaskazi itashika. Hakuna aliyewaambia kwamba wamedai kujua ghaibu. Wala Mamlaka ya Hali ya Hewa haisemi "itakuwa". Husema "kuna uwezekano", nayo hutaja kama uwezekano huo ni mdogo, wa wastani au mkubwa.

Sasa tutazame taarifa zenyewe, maana wengi wetu huzisikia nusu. Mamlaka huiweka Pemba katika fungu moja na Unguja, Tanga, Dar es Salaam, na Pwani pamoja na Mafia. Fungu hili lina mvua za masika na mvua za vuli, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Lakini Kilwa imo katika mkoa wa Lindi, na Lindi na Mtwara zimo katika fungu jingine, lenye msimu mmoja tu wa mvua, uanzao Novemba na kwisha Aprili. Utabiri wa vuli hutolewa karibu na mwisho wa Agosti. Ule wa msimu hutolewa baadaye, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba. Basi baba aliyesikia kwamba vuli ya mwaka huu ni chini ya wastani, akampigia mwanawe simu Kilwa kumwambia asiwe na wasiwasi, amempa habari za nchi nyingine.

Maneno yenyewe pia yana kipimo. "Wastani" maana yake ni mvua ya asilimia 75 hadi 125 ya ile iliyozoeleka kwa miaka mingi. Chini ya hapo ni chini ya wastani, na zaidi ya hapo ni juu ya wastani. Na lenye kuzipandisha mvua za vuli au kuzishusha mara nyingi ni bahari. Bahari ya Hindi ya upande wetu ikiwa na joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, na hasa ikikutana na El Niño, vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023. Mnamo Agosti mwaka huo tulitangaziwa mvua nyingi, nazo zikaja. Mwanachama aliyeichukulia habari ile kwa uzito aliweza kutafuta maturubali mapema. Aliyepuuza alianika kwa kubahatisha, na karafuu inayonyeshewa kabla ya kukauka hugeuka mpeta, ikapoteza rangi, mafuta na bei. Jua la siku nne hadi saba ndilo litakiwalo kuikausha karafuu vizuri. Anayejua mapema kwamba siku tano zijazo ni za mvua hupunguza uchumaji na kuchuma kadiri awezayo kufunika.

Zipo pia taarifa za hatari, nazo zina daraja tatu. Angalizo ni rangi ya manjano, Tahadhari ni rangi ya machungwa, na Tahadhari Kubwa ni nyekundu. Nahodha akisikia Angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, asilipime kwa meli ya Dar es Salaam. Alipime kwa ngalawa yake. Wimbi la mita 2 ni kubwa kuliko urefu wa mtu, na mashua ya wavuvi ikilipata ubavuni hujaa maji. Kwenda Kilwa kwa kaskazi ni kuteremka, na upepo uko mgongoni. Kurudi ni kupanda, na mashine hunywa mafuta mara mbili. Vijana wengi huhesabu mafuta ya kuteremka, wakasahau ya kupanda.

Wanaopinga hutukumbusha mambo mawili ya kweli. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari na kimbunga Kenneth. Tarehe 25 kikaingia Msumbiji, kaskazini ya mji unaoitwa Pemba kama kisiwa chetu, kikaua watu zaidi ya 40. Mtwara ikasalimika. Mwezi wa Aprili 2021 kikatangazwa kimbunga Jobo, nacho kikapungua nguvu kabla ya kufika pwani yetu. Watu wakacheka. Lakini tuulize: mlinzi akipiga kelele, na mwizi akaingia nyumba ya jirani, je, mlinzi amesema uongo?

Kisha ukaja mwaka 2024. Tarehe 1 Mei Mamlaka ilitangaza kwamba mgandamizo mdogo wa hewa unajijenga baharini, mashariki ya pwani yetu ya kusini. Ukakua ukawa kimbunga Hidaya, na tarehe 4 Mei kikafika Mafia. Vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Mvua ilifurika Kilwa, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika Somanga. Waliocheka mwaka 2021 walikuwa na siku tatu za kuvuta vyombo pwani. Watu wa Lindi waliopigwa na kimbunga Aprili 1952, wakafa zaidi ya 30, hawakuwa na jicho lolote angani la kuwaonea. Setilaiti ya kwanza ya kutazama mawingu ilirushwa na Marekani mwezi wa Aprili 1960. Wala sisi wenyewe hatukusahau kwamba tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu.

Asiwepo wa kusema kwamba vimbunga ni vya Aprili na Mei, na vuli haihusiki. Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, msimu wa vimbunga huanza kuhesabiwa tarehe 15 Novemba. Tena vimbunga huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili vizunguke, na nguvu hiyo ni dhaifu karibu na istiwai. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya istiwai, Kilwa iko karibu nyuzi 9, na Lindi 10. Kwa hiyo kijana aliyeko Lindi yuko karibu na hatari kuliko baba aliyeko Wete. Ni haki baba awe na masikio ya kusini pia.

Tazameni marubani. Hakuna rubani wa ndege ya abiria anayeruka bila kusoma taarifa ya uwanja atokao na uwanja aendako. Ni sheria, si hiari. Hata hivyo, tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, wakafa watu 19 kati ya 43. Ikiwa wenye vipimo vyote hivyo bado wako hatarini, je, sisi wenye ngalawa na majamvi tutasema hatuna haja hata ya kusikiliza?

Utabiri una upungufu, nasi hatuufichi. Hutaja mkoa mzima, na mvua yaweza kunyesha Wete huku Mkoani kukiwa na jua. Ndiyo maana twataka vipimo vya mvua katika kila tawi, na daftari la kuandika kila asubuhi. Baada ya miaka michache tutajua tabia ya mashamba yetu kwa hesabu, na wenzetu wa Mamlaka watakuwa na kitu cha kutusikiliza. Tena twaomba Mamlaka itaje bahari kwa majina wanayoyajua mabaharia: Kilwa Kivinje, Songosongo, Lindi. "Pwani ya kusini" ni ndefu mno kwa mtu aliye katika ngalawa.

Basi rai yetu ni hii. Pendekezo lipitishwe katika mkutano mkuu. Mpokeaji wa taarifa asikilize kila jioni utabiri wa Pemba kwa ajili ya jamvi, na utabiri wa Lindi na Mtwara kwa ajili ya bahari, avifikishe vyote viwili kabla ya Isha. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la karafuu iliyogeuka mpeta, na haina mfano mbele ya roho ya kijana mmoja.

Mwenye rai nyingine atuandikie, nasi tutaichapa.

Katibu wa Chama