NENO LA MWEZI: Maegaki

Mwezi huu tumechukua neno la mbali kidogo, la Kijapani. Lakini Juba na Japani zinajuana. Lile Daraja la Uhuru juu ya Mto Nile, lenye mita 560, limejengwa kwa msaada wa Japani. Vita vilisimamisha kazi Desemba 2013, vikaisimamisha tena Julai 2016, mwishowe likafunguliwa Mei 2022.

Neno lenyewe ni maegaki. Ni yale maandishi yanayotangulia sura ya kwanza ya kitabu. Sisi tunasema dibaji au utangulizi. Mae ni mbele. Kaki ni kuandika, na maneno yakiungana K inageuka G. Basi ni "maandishi ya mbele". Yale ya mwisho wa kitabu huitwa atogaki, maana ato ni nyuma.

Sasa angalieni jambo moja. Sisi tukisema "siku za mbele" ni siku zijazo. Mjapani akisema "miaka mitatu mae" ni miaka mitatu iliyopita. Kwake neno lilelile ni mbele na ni zamani.

Hapo neno limetugusa. Watoto wengi waliozaliwa ukimbizini wameanza kitabu chao katikati: kadi, foleni ya posho, hema. Kurasa za mbele hawajazisoma. Mtoto akiulizwa kwao ni wapi, anataja namba ya bloku. Si kosa lake. Ni sisi wakubwa tumenyamaza, maana mengine yanauma kuyasema.

Lakini hatujachelewa. Waandishi wengi huandika dibaji mwisho kabisa, kitabu kikiwa kimekwisha, halafu wanaiweka mbele.

Kazi ya mwezi huu, basi: kila nyumba itafute daftari na iandike ukurasa mmoja tu. Majina ya babu na bibi. Kijiji na mto wake. Mlilima nini, mlifuga nini, mliongea lugha gani nyumbani. Mama au baba asiyejua kuandika aseme, mtoto aandike. Yale mazito yangojee mpaka mtoto akue, hakuna anayewalazimisha. Juu ya ukurasa andikeni: Dibaji. Mkipenda, Maegaki.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.